Waya ya umeme: namna ya kujua kama shaba yake ni ya kweli

Bunia, katika maduka ya vyombo vya kujengea, unaweza kukuta rulo mbili za waya zimewekwa pamoja. Rangi ni moja, zote zimeandikwa 1,5, zote zinaitwa metre 100. Lakini moja ni nyepesi na bei yake iko chini. Ukikata ncha, zote mbili zinaonyesha rangi nyekundu ya shaba. Mteja mwenye haraka anachukua ile ya bei rahisi, fundi anaipitisha ukutani, simenti inafunga. Tofauti inakuja kuonekana kisha, siku prizi inaanza kunusa plastiki iliyoungua.

Sababu ni kwamba si kila kitu chekundu ni shaba nzima. Kuna waya ambayo ndani ni alminiamu, nje imepakwa shaba kidogo tu. Kwa kawaida ile shaba ya nje ni kati ya asilimia 10 na 15 ya ukubwa wa waya. Viwanda vinaitambulisha kwa herufi tatu: CCA. Si waya haramu. Ina kazi zake, kama vile baadhi ya nyaya za vipaza sauti na antena. Ubaya unakuja pale inapouzwa kama shaba kamili kwa ajili ya nyumba.

Shaba yenyewe si mali ya mbali. Kongo ni kati ya nchi za kwanza duniani kwa kutoa shaba, kule Katanga na Lualaba. Lakini sehemu kubwa inatoka nchini ikiwa bamba, inageuzwa waya katika viwanda vya ngambo, na inarudi Ituri kwa njia za Mahagi, Aru ao Ziwa Albert, ikiwa ndani ya karatoni. Bamba safi linafika asilimia 99,99 ya shaba. Yaliyofanyika katikati ya safari, mnunuzi wa Bunia hayaoni.

Kwa nini usafi ni wa lazima

Umeme unapopita ndani ya waya, waya inapinga kidogo, na ule upinzani unageuka joto. Mwaka 1913, wataalamu wa umeme wa dunia walikubaliana kipimo: waya ya shaba safi ya metre 1, yenye unene wa milimeta 1 ya mraba, kwa joto la digri 20, ipinge kwa ohm 0,01724. Alminiamu iliyopakwa shaba inapinga zaidi, karibu mara moja na nusu. Maana yake, kwa pasi ileile ao frigo ileile, joto ndani ya ukuta linaongezeka mara moja na nusu pia. Tena alminiamu inalegea kwenye skrubu za prizi na kufanya kutu nyeupe isiyopitisha umeme vizuri. Ndiyo maana moto unapenda kuanzia penye maungio.

Wenye kutumia pano za jua wanaumia kwa namna nyingine. Betri ya volti 12 inayotuma ampere 5 kwa umbali wa metre 10, kwenda na kurudi, kwa waya ya 1,5 ya shaba, inapoteza volti 1,15 njiani. Kwa waya ya kupakwa, inapoteza karibu 1,8. Taa inafifia, na mtu anafikiri betri ndiyo imekufa, kumbe ni waya.

Vipimo ambavyo mtu anaweza kufanya

Cha kwanza ni kisu. Kwangua ncha ya waya kwa nguvu. Ikiwa nyeupe chini ya wekundu, si shaba nzima. Angalia pia pale ilipokatwa: katikati panatoa siri. Kwa waya yenye nyuzi nyingi nyembamba, fungua nyuzi na kwangua mmojammoja.

Sumaku inasaidia nusu tu. Ikivuta waya, ndani kuna chuma. Isipovuta, bado inaweza kuwa alminiamu, maana sumaku haivuti alminiamu pia.

Cha pili ni mizani. Metre 100 za shaba ya 1,5 zina kilo 1,34 bila kuhesabu plastiki. Za 2,5 zina kilo 2,24. Kwa hiyo rulo nzima ya 1,5, pamoja na plastiki yake, ikiwa chini ya kilo 1,34, kuna uongo: ao si shaba, ao ni fupi, ao ni nyembamba kuliko ilivyoandikwa. Udanganyifu huu wa mwisho unapatikana hata kwenye shaba safi. Uzi mmoja wa 1,5 unapaswa kuwa na upana wa karibu milimeta 1,38; wa 2,5, milimeta 1,78.

Cha tatu, wanunuzi wa dhahabu wa Ituri wanakijua: kupima ndani ya maji. Menya waya, pima gramu 50, kisha itundike kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini na upime tena. Shaba itaonyesha karibu gramu 44. Alminiamu iliyopakwa shaba itaonyesha karibu 35. Lakini asidi ya kupimia dhahabu, iacheni: moshi wake unaharibu mapafu.

Cha nne ndicho hakimu mwenyewe, maana mizani haioni uchafu mdogo. Fosfori chini ya sehemu moja kwa elfu inatosha kupunguza sana uwezo wa shaba kupitisha umeme. Fundi mwenye multimeta agusishe kwanza ncha zake mbili na aandike namba inayotokea. Kisha apime rulo nzima, ncha kwa ncha, na kutoa ile namba ya kwanza. Metre 100 za shaba ya 1,5 zinatoa karibu ohm 1,15. Za 2,5 zinatoa 0,69. Rulo ya 1,5 ikifika 1,8, irudi dukani. Multimeta ya kawaida si sahihi sana kwa namba ndogo, lakini tofauti kubwa kama hiyo inaionyesha.

Ofisi ya Kongo ya udhibiti, OCC, ndiyo yenye kazi ya kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia nchini. Hata hivyo, mlinzi wa kwanza ni mwenye nyumba. Aombe fakture yenye kuandikwa aina ya waya na unene wake, na apime rulo mbele ya muuzaji, mbele ya kuikata. Waya ikiisha kuingia ukutani, kuitoa ni kuvunja nyumba.