Vijenzi vya Visual Basic na Leseni Zilizogoma Kustaafu

Programu iliyoandikwa mwaka 1998 inaweza kuwa inafanya kazi hadi leo kwenye kompyuta ya karani wa ghala, bila matata. Fundi akiufungua msimbo wake kwenye kompyuta mpya ili abadilishe fomu moja tu, anapokewa na ujumbe mkavu: taarifa za leseni ya kijenzi hazikupatikana, naye hana leseni ya kukitumia katika mazingira ya usanifu. Faili ya kijenzi hicho ipo na imesajiliwa. Karani anaitumia kila siku. Mbona fundi anakataliwa?

Chanzo ni biashara iliyochipuka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1988 Alan Cooper alimwonyesha Bill Gates kazi yake iliyoitwa Tripod, na Microsoft ikainunua. Ikaunganishwa na lugha ya Basic, na Mei 1991 Visual Basic 1.0 ikazinduliwa Atlanta. Siri ya mafanikio yake ilikuwa mlango ulioachwa wazi: mtu wa nje aliweza kutengeneza kijenzi chake, kiitwacho VBX, kikakaa kwenye fomu kama vile vya Microsoft. Kampuni kama Sheridan, Apex na VideoSoft zikaishi kwa kuuza vitufe, majedwali na vifaa vingine vya namna hiyo kwa waandishi wa programu.

Biashara hiyo ilikuwa na kitendawili chake. Faili aliyouziwa mwandishi ilibidi isafiri na programu yake hadi kwa kila mteja. Sasa mteja huyo angezuiwaje kuichukua na kujengea programu zake mwenyewe bila kulipa?

Suluhisho likawa kugawa haki katika sehemu mbili: haki ya kujenga na haki ya kuendesha. Enzi za VBX, haki ya kujenga ilikaa katika faili ndogo yenye kiambishi LIC, mfano VB.LIC, ambayo mwandishi hakuruhusiwa kuigawa. Visual Basic 4.0 ya mwaka 1995 ilipoleta vijenzi vya OCX, haki hiyo mara nyingi ilihamia kwenye ufunguo ndani ya rejista ya Windows, chini ya HKEY_CLASSES_ROOT\Licenses. Programu ikigeuzwa kuwa EXE, Visual Basic ilikiomba kijenzi ufunguo na kuufungia ndani ya EXE hiyo. Kwa mteja, EXE iliukabidhi ufunguo kupitia kiolesura cha IClassFactory2, kijenzi kikafunguka. Karani hakuwahi kujua kuna leseni.

Mpango huo ulimtegemea fundi atunze diski yake ya kusakinishia kijenzi.

Nyufa zilionekana mapema. Visual Basic 6.0, iliyotoka mwaka 1998, ilikuja na vijenzi vya zamani kama GRID32.OCX na THREED32.OCX, lakini viliwekwa kando kwenye folda ya zana ndani ya diski. Kuvisajili hakukutosha, ilibidi pia kuendesha faili ya VBCTRLS.REG ili funguo za kujengea ziingie kwenye rejista. Aliyeruka hatua hiyo alikutana na ujumbe uleule. Toleo hilohilo liliruhusu kijenzi kuongezwa wakati programu inaendeshwa, na hapo ufunguo haukuingia wenyewe: mwandishi alipaswa kuutaja kwa amri ya Licenses.Add. Alipokiita kijenzi chenye leseni kwa CreateObject, kwake kilifunguka, maana rejista yake ilikuwa na ufunguo. Kwa mteja likatokea kosa namba 429.

Mwaka 2002 .NET, jukwaa jipya la Microsoft, ilikuja na utaratibu wake. Majina ya vijenzi vyenye leseni yaliorodheshwa katika faili ya licenses.licx, na programu ya LC.exe ikaigeuza orodha hiyo kuwa sehemu ya programu mpya. Mara nyingi orodha ilitaja na namba ya toleo, hivyo kusasisha kijenzi bila kugusa faili hiyo kulitosha kukwamisha ujenzi wote. Visual Studio 2022, zana ya Microsoft ya kuandikia programu, nayo ikawa ya biti 64, na OCX ya biti 32 haiwezi kupakiwa ndani ya mchakato wa biti 64, hata leseni yake iwe halali kiasi gani.

Wauzaji nao walibadilika. Mwaka 2000 Sheridan iliungana na ProtoView ikawa Infragistics. Apex na VideoSoft zikazaa ComponentOne, ambayo GrapeCity iliinunua mwaka 2012. Anayetafuta ufunguo uliopotea hulazimika kwanza kujua mrithi ni nani.

Kwa hiyo fundi anayeijua historia hii huanza kwa kuuliza kosa linatokea wapi. Likitokea kwenye usanifu pekee, haki ya kujenga ndiyo haipo kwenye mashine yake, na dawa ni kukisakinisha kijenzi upya kutoka diski halali au kukibadilisha. Likitokea kwa mteja pekee, huenda EXE haikubeba ufunguo. Microsoft yenyewe bado inaufuata mgawanyo huo: msaada kwa zana ya kuandikia Visual Basic 6.0 ulikoma tarehe 8 Aprili 2008, ilhali mafaili makuu ya kuendeshea programu zake yanaendelea kuhudumiwa ndani ya Windows.