Je, Kupunguza Kula Kunaharibu Umetaboli Wako?

Mtoto ana miezi minne na magauni yako ya zamani bado hayafungi. Jirani amekuambia uache chakula cha usiku, utapungua haraka. Shangazi naye amekuonya kwamba ukijinyima, mwili "utazima", na ukirudi kula utanenepa kuliko mwanzo. Umsikilize nani?

Jibu kwa kifupi

Kupunguza chakula kwa kiasi hakuharibu umetaboli. Mwili hubana matumizi yake, kama unavyobana wewe fedha inapopungua nyumbani, na sehemu kubwa hurudi unapoanza kula vizuri. Madhara huja unapojinyima kupita kiasi, unapotaka kupungua haraka sana, au unapofanya hivyo wakati mwili una kazi nyingine kubwa, kama kunyonyesha.

Umetaboli ni nini?

Ni kazi yote ya mwili ya kugeuza chakula kuwa nishati na kuitumia. Nishati hiyo hupimwa kwa kalori. Hata ukiwa umelala, moyo unapiga, mapafu yanavuta hewa, ubongo unafanya kazi na mwili unajipasha joto. Kwa watu wengi, kazi hizi za mapumziko hutumia zaidi ya nusu ya kalori zote za siku. Zinazobaki hutumika kusaga chakula na kufanya shughuli: kuchota maji, kufua, kubeba mtoto, kutembea kwenda sokoni.

Kwa nini uzito hukwama?

Ukianza kula kidogo, uzito hushuka wiki za mwanzo, kisha husimama. Wengi hudhani hapo ndipo umetaboli umeharibika. Kuna sababu mbili za kawaida.

Kwanza, mwili mdogo unahitaji nishati kidogo. Ukitoka kilo 90 hadi kilo 78, huna tena mzigo wa kilo 12 wa kubeba na kulisha kila siku. Hilo si ugonjwa.

Pili, mwili huona chakula kimepungua na hujilinda. Homoni ya shibe hupungua na njaa huongezeka. Unajikuta umechoka na unakaa zaidi bila kukusudia. Mwili hutumia kalori chache kidogo kuliko inavyotarajiwa kwa mtu wa uzito wako.

Utafiti umeonyesha nini?

Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea. Kwa miezi sita walipewa karibu nusu ya walichokuwa wakila. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Walisikia baridi, mapigo ya moyo yalipungua kasi, na mawazo yao yote yakawa juu ya chakula. Matumizi yao ya nishati yalishuka sana. Walipoanza kulishwa tena, miili yao ilirudi taratibu, ila mafuta yalirudi mapema kuliko misuli.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2016, uliwafuatilia watu 14 walioshiriki shindano la televisheni la Marekani la The Biggest Loser, ambapo washiriki walikuwa wakipunguza uzito mwingi kwa miezi michache. Miaka sita baadaye, miili yao ilikuwa bado inatumia karibu kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa, na wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya uzito.

Kwa hiyo shangazi hakukosea kabisa. Mwili hubana, na ukiubana kwa ukali unaweza kuendelea kubana kwa muda mrefu. Lakini hauzimi.

Madhara ya kujinyima kupita kiasi

- Unapoteza misuli pamoja na mafuta. Misuli hutumia nishati nyingi kuliko mafuta, hivyo ukipoteza misuli, matumizi ya mwili hushuka.
- Unaweza kupata upungufu wa damu, kizunguzungu na uchovu.
- Hedhi inaweza kuvurugika au kusimama.
- Kupungua haraka sana huongeza uwezekano wa kupata mawe kwenye kifuko cha nyongo.

Ukiwa unanyonyesha

Kutengeneza maziwa kwa mtoto anayenyonya tu kunahitaji karibu kalori 500 kwa siku. Sehemu yake hutoka kwenye mafuta uliyohifadhi wakati wa ujauzito, ndiyo maana wengine hupungua taratibu bila kujinyima. Ukila kidogo mno, maziwa yanaweza kuendelea kutoka, lakini wewe ndiye utakayedhoofika, na baadhi ya vitamini kwenye maziwa zinaweza kupungua.

Subiri angalau miezi miwili baada ya kujifungua, mtoto awe ananyonya vizuri na uzito wake unaongezeka. Kisha lenga kupungua si zaidi ya nusu kilo kwa wiki. Kama una mimba, usijaribu kabisa kupunguza uzito bila ushauri wa kliniki.

Pungua bila kuuumiza mwili

- Usiruke milo. Punguza kwanza vinavyoleta kalori bila kushibisha. Soda ya nusu lita ina karibu kalori 200, na kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kama 120.
- Punguza ugali au wali kidogo, ongeza mboga za majani.
- Kila mlo uwe na maharage, dagaa, mayai, samaki, nyama au maziwa. Hivi husaidia kulinda misuli na kukaa na shibe.
- Tembea kila siku, na fanya kazi au mazoezi yanayotumia nguvu za misuli mara mbili kwa wiki.
- Lala kila unapopata nafasi. Usingizi mchache huongeza njaa.
- Usimpunguzie mtoto chakula kwa sababu wewe unapungua. Anakua. Kama uzito wake unakutia wasiwasi, mpeleke apimwe kwanza.

Nenda kituo cha afya ikiwa

- unazimia, moyo unaenda mbio au unasikia baridi isiyo ya kawaida;
- hedhi imesimama na hunyonyeshi;
- mtoto anayenyonya haongezeki uzito au anakojoa mara chache;
- unanenepa au unakonda bila kubadilisha chakula. Huenda ni tatizo la tezi ya shingo, na hupimwa kwa damu;
- unatumia dawa za kisukari. Ukipunguza chakula bila kurekebishiwa dawa, sukari inaweza kushuka kwa hatari.

Mwili wako ulichukua miezi tisa kumlea mtoto tumboni. Upe nao miezi ya kurudi.