Jamvi la Karafuu na Jicho la Msanii

Ufikapo msimu wa karafuu hapa Mkoani, harufu ya mavuno yanayoanikwa ikimlaki msafiri tangu bandarini, utawakuta akina mama wamelizunguka jamvi wakichambua, mkono mmoja umeshika kishada na wa pili ukitenga karafuu na makonyo, kwa wepesi ambao jicho huchelewa kuufuata.

Maisha ya wanawake wa namna hii, ambayo ni nadra mno kutiwa katika tarehe, ndiyo yaliyomshughulisha Rehema Chachage, msanii wa Kitanzania aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1987 na kuhitimu sanaa katika Chuo Kikuu cha Cape Town mwaka 2009. Naye kwa video, sauti na maandishi amezihifadhi hadithi na ada walizorithishana wanawake wa ukoo wake, akishirikiana, na hili ndilo linalotugusa zaidi, na mama yake mzazi, Demere Kitunga, mwandishi na mchapishaji.

Basi ukilikuta jamvi limetandazwa, toa salamu, kisha vitazame vile vidole kwa makini, hata jua lishuke na karafuu zikusanywe.