Mjomba, Baba na Mkorosho

Kijana mmoja wa Ruangwa, niliyepata kumfundisha, alinijia na swali ambalo halimo katika muhtasari wa somo langu. Ameishi na binti wa Nachingwea kwa zaidi ya miaka miwili, wamezaa, hawajafunga ndoa. Baba yake anataka mjukuu aletwe Ruangwa, kwenye mikorosho yake. Mjomba wa binti anasema mtoto ni wa kwao. "Mwalimu," aliniuliza, "mtoto huyu ni wa nani?"

Wamwera, walio wengi katika wilaya hizo mbili, kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mjomba ndiye aliyekuwa na kauli katika kuoza, na mali ya mwanamume iliwaendea wapwa zake. Mume alihamia ukweni, akalima mbele ya macho ya wakwe mpaka aaminiwe. Kwa maoni yangu utaratibu huo ulimlinda mwanamke kuliko tunavyopenda kukiri, ingawa ulimwacha baba kama mgeni kati ya wanawe.

Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wao wa karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya vituo vyake. Mradi ulivunjwa mwaka 1951. Reli yake nayo haikudumu. Lakini kijana aliyekwisha kushika ujira wake mwenyewe hakuwa na sababu kubwa ya kumsubiri mjomba. Kisha ukaja mkorosho. Shamba la mtama huvunwa likaisha, ila mkorosho huzaa kwa miongo kadhaa, na baba aliyeupalilia pamoja na wanawe huona uchungu ukienda kwa wapwa. Misikiti na makanisa nayo yalimpa baba hoja.

Dola ikaegemea huko huko. Tamko la sheria za mila la mwaka 1963 liliandikwa kwa ajili ya makabila yanayofuata ukoo wa baba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ilipotaja mwenye kuridhia ndoa ya binti aliye chini ya miaka 18, ilianza na baba, kisha mama. Mjomba hakutajwa kwa cheo chake. Hata hivyo sheria hiyo hiyo, kifungu cha 160, huwadhania kuwa mume na mke watu walioishi pamoja miaka miwili wakajulikana hivyo. Na mtoto aliye chini ya miaka saba hudhaniwa kuwa ni heri akae na mama yake, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo.

Nilimweleza hayo yote. Kisha nikamwuliza baba yake alipata wapi shamba lake la kwanza. Alinyamaza kidogo.

"Alipewa na mjomba wake."

Nikamshauri aanzie hapo atakapozungumza na mzee. Ijumaa iliyopita wamefuatana wawili hao kwenda Nachingwea.