Ufagio wa Mwanza

Nimechambua barua posta hapa Mpanda miaka mingi, tangu enzi za magunia yaliyoshushwa kutoka treni ya Kaliua. Juzi mjukuu wangu akanionyesha kwenye simu picha ya wanawake weusi wa Marekani, mwaka 1945, wakipanga barua za askari huko Birmingham, Uingereza. Kikosi cha 6888, wanawake 855, kamanda wao Meja Charity Adams. Walikuta mamilioni ya barua zimelala maghalani. Wakapewa miezi 6, wakamaliza kwa 3. Robert Smith peke yao walizidi 7,000! Mimi Juma Hamisi watatu tu walinitoa jasho.

"Babu, sisi hatukuwa na wanawake vitani?"

Tulikuwa nao, nikamwambia, ila hawakupewa namba.

Vita Kuu ya Kwanza, askari weusi wa Mjerumani walipewa posho mbichi. Nafaka hiyo ilitwangwa na nani, ikapikwa na nani? Wake zao. Walitembea nyuma ya safu na vyungu kichwani, mtoto mgongoni, na wengine wakajifungua njiani, safari ikaendelea. Jenerali wao, Lettow-Vorbeck, alitamani kuwapunguza maana walirefusha msafara, lakini alijua kwamba askari akitenganishwa na mkewe hatakaa sana, atatoroka. Basi walivuka Ruvuma naye Novemba 1917, wakazunguka Msumbiji, wakatokea Rhodesia ya Kaskazini.

Tarehe 25 Novemba 1918 alisalimisha silaha Abercorn, siku hizi Mbala, Zambia. Wajerumani 155 na askari 1,168 walihesabiwa vizuri. Kisha msafara ukateremka Kasanga, ukapanda vyombo vya majini kuelekea Kigoma. Njia hiyo ya ziwa inapita mbele ya Karema yetu. Kila nikienda Karema kununua migebuka husimama kidogo ufukweni, nikawawazia wale kina mama ndani ya chombo, miguu imepasuka, wamekaa bila mzigo kichwani kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne.

Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wale malimbikizo yao. Mwanza walijitokeza wazee wapatao 350. Wenye vyeti walikuwa wachache mno. Husimuliwa kwamba mtu wa benki aliyeleta fedha alimpa kila mzee ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani ashike silaha, ainue, ashushe. Hakuna aliyekosea hata mmoja.

Mjukuu alicheka sana kuhusu ufagio. Halafu akaniuliza, na bibi wa askari angepewa nini ashike?

Nilifikiri. Mchi, nikasema. Apewe mchi na pishi ya mtama, giza halijatoka, kabla tarumbeta haijalia.