Tumbaku Ndiyo Iliyowagombanisha

Kutoka Chuo Kikuu cha Duke mjini Durham hadi kile cha North Carolina kilichopo Chapel Hill ni kilomita 16 hivi, na upinzani wao wa mpira wa kikapu ukizungumzwa, umbali huo ndio hutajwa kwanza, kana kwamba majirani hawana budi kugombana. Mimi naona mkono wa fedha. Duke ilipata jina hilo mwaka 1924 kwa mali ya James B. Duke, tajiri wa tumbaku, lakini baada ya Vita vya Pili vya Dunia mbabe wa jimbo alikuwa North Carolina State ya Raleigh, iliyomleta kocha Everett Case mwaka 1946. Mwaka 1949 chuo hicho kikafungua ukumbi wa Reynolds, jina la ukoo mwingine wa tumbaku, wenye viti zaidi ya 12,000. Viti vyote hivyo vilitaka watu. Ndipo Case akaanzisha mashindano ya Dixie Classic: siku tatu za mwisho wa Desemba, vyuo vinne wenyeji dhidi ya vinne waalikwa. Utani wa jadi ukapata kalenda na tiketi.

Wapo watakaosema chuki ya wanafunzi haipangwi na mtu: Chapel Hill ni chuo cha umma, Duke ni cha binafsi na ghali. Ni kweli, na hiyo ni chumvi nzuri. Lakini mtazame Wake Forest, mwenyeji wa nne. Mwaka 1956 kilihama kutoka jirani na Raleigh kwenda Winston-Salem, zaidi ya kilomita 150, kwa kuvutwa na fedha za akina Reynolds, na bado kikabaki kwenye Dixie Classic mpaka ilipofutwa mwaka 1961, baada ya kubainika kwamba wacheza kamari waliwahonga wachezaji wapunguze tofauti ya pointi. Kufikia hapo televisheni ilishaingia. Chapel Hill ilipokifunga Chuo Kikuu cha Kansas chenye nyota Wilt Chamberlain 54-53 katika fainali ya taifa ya 1957, baada ya vipindi vitatu vya nyongeza, mtayarishaji wa televisheni C.D. Chesley aliirusha mechi hadi North Carolina, kisha akageukia mechi za ligi ya vyuo hivyo. Mtu wa kijijini asiyewahi kukanyaga chuo chochote akapata upande wake. Na Duke na Chapel Hill hawakuwahi kukutana kwenye mashindano ya taifa ya NCAA hadi Aprili 2, 2022, Chapel Hill iliposhinda 81-77 na kuhitimisha kazi ya kocha wa Duke, Mike Krzyzewski. Mechi hiyo ilichezwa New Orleans, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka vyuo vyote viwili.