Safu ya Lugha: Kihisi si kiuaji

Tangu habari za vihisi vya mkononi vya kutambua bakteria kwenye chakula zianze kuenea, nasikia watu wakisema maziwa "yakipita kwenye kihisi" yamesafika. La hasha! Neno kihisi limetokana na kitenzi kuhisi, chenye asili ya Kiarabu. Kihisi hutambua na kutoa ishara, basi. Kikitumia kimeng'enya au kingamwili, ni kihisi cha kibayolojia, kama kile kifaa cha kupima sukari kwenye damu, ambacho chimbuko lake ni kazi ya Leland Clark ya mwaka 1962.

Wala tusichanganye kihisi na kipimo. Laktomita wanayoijua wafugaji hupima uzito wa ujazo wa maziwa. Hufichua maji yaliyoongezwa, si bakteria. Kiuaji ni joto: kiwandani, nyuzi 72 kwa sekunde 15. Watafiti wanaounda chombo cha kutambua na kuua pamoja, nawasihi wakiite kihisi-kiuaji, ili kila kazi itajwe. Nawe mfugaji, hata kihisi kikinyamaza, chemsha maziwa.